Kidole Gumba cha Chemutai

Jumamosi ile mvua ilianza saa nane mchana, na kwa Nganga, kwenye ukumbi wa gemu za runinga, mabati yalipiga kelele hivi kwamba watu walizungumza kwa kuinamiana masikioni. Chemutai alikuwa ametoka kumfunga Janeffer mabao manne kwa moja. Aliweka padi mezani, akaukung'uta mkono wake wa kulia kama mtu aliyegusa sufuria ya moto, kisha akausogeza uso wake karibu na wa rafiki yake.

"Janeffer, mwaka jana si mkono yako ilikuwa inauma hapa?" Akagusa mahali kidole gumba kinapokutana na kifundo cha mkono. "Ulifanya nini ikapoa?"

Janeffer alikuwa na jibu. Alikuwa nalo lote, mwanzo hadi mwisho, na lingemchukua dakika tano kulitoa. Alitazama skrini, ambapo wachezaji wa Chemutai walikuwa bado wanashangilia, wakirukiana migongoni.

"Sikufanya kitu," akasema. "Ilipoa tu yenyewe."

"Kumbe. Basi hata yangu itapoa."

Chemutai akaichukua padi tena, akaikaba kwa vidole vyote, akamwambia achague timu.

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Kama ungemuuliza Janeffer dakika ile, angekuambia haukuwa hata uongo, ni kwamba mvua ilikuwa inapiga kelele na hakutaka kupaza sauti. Baadaye alijaribu sana kujiambia hivyo, ikashindikana.

Wawili hao walikuwa wametoka mbali. Walisoma sekondari moja ya bweni, mmoja akilala kitanda cha juu na mwingine cha chini kwa miaka minne, na walipomaliza wakaja pamoja kutafuta maisha Roret. Chemutai alipata kiti katika saluni ya Priscillah, karibu na stendi, na haukupita mwaka kabla wanawake hawajaanza kumfuata kutoka Litein na Kapkatet, wakitaka wasukwe na yeye tu. Alikuwa na vidole vya ajabu. Aliweza kusuka nywele nyembamba kama uzi wa cherehani huku akitazama barabarani na kupiga gumzo. Janeffer aliajiriwa katika agroveti mtaa wa pili, akauza dawa za kupe, chumvi ya ng'ombe na mbegu za nyasi, na hakuna mtu aliyewahi kutoka Litein kumfuata yeye.

Kwa Nganga waliingia mara ya kwanza wakikimbia mvua. Nganga, ambaye baba yake alihamia Roret zamani kutoka Murang'a kufungua duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa ameigeuza stoo ya nyuma kuwa ukumbi wa gemu: runinga nne, mabenchi ya mbao yasiyo na migongo, na kwenye kila meza padi mbili, vile vidude vya vitufe ambavyo mchezaji hushika kwa mikono miwili kuwaendesha wachezaji kwenye skrini. Siku ile kulikuwa na wanaume watupu ndani. Nganga aliwapa padi ili wasisimame bure wakilowesha sakafu. Mwezi haukuisha kabla Chemutai hajawafunga nusu ya wanaume wa Roret, na Janeffer akawa yule anayekuja naye.

"Huyu naye?" watu waliuliza.

"Huyu nakuja naye ndio nisikose mtu wa kufunga," Chemutai alijibu, na ukumbi ukacheka. Janeffer alicheka pia. Chemutai hakusema kwa ubaya, na hakukuwa na siku alinunua chapati asimkatie nusu. Lakini neno lile lilimkaa Janeffer mahali, na kila liliporudiwa lilizidi kuzama.

Mkono wa Janeffer ndio ulioanza kuuma. Mwanzoni ulikuwa uchungu mdogo, wa kuja na kuondoka. Kisha akashindwa kufungua vifuniko vya dawa dukani, akamwambia bosi wake Bethwel kwamba aliteguka akinyanyua gunia la chumvi. Aliona aibu kusema ameumizwa na gemu, mtu mzima mwenye kazi. Akaomba ruhusa ya siku moja, akaenda hospitali moja mjini Kericho bila kumwambia mtu, hata Chemutai, na huko akamkuta mtaalamu wa viungo aliyeitwa Gichana.

Gichana alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpa kasha la miwani yake, akamwambia alishike kama anavyoshika padi. Janeffer akashika. Gichana akamtazama vidole.

"Unaikamua," akasema. "Hiyo si nguo ya kufua."

Akamkalisha upya. Nyayo zote mbili chini. Mabega yashuke. Mikono ilale mapajani, na chini yake kuwe na kitu laini cha kuinyanyua kidogo, ili padi imfuate yeye badala ya yeye kuiinamia. Kifundo cha mkono kinyooke sawa na mkono wenyewe, kisipindwe juu wala chini. Vidole vya nyuma vibebe tu, visibane. Kidole gumba kibonyeze kwa nyama yake, si kwa ncha kama mtu anayekandamiza msumari. Na baada ya mechi mbili padi iwekwe chini, viganja vifunguliwe, mtu asimame atembee.

"Na ukisikia uchungu unaacha," alisema akimfunga kibao chepesi cha kushikilia kidole. "Si wa kushindana nao. Huu mshipa wa gumba unapita kwenye kijitundu chembamba hapa. Ukivimba, unakwama. Wewe umekuja mapema. Ungengoja miezi mitatu minne, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Janeffer alivaa kibao wiki sita. Aliporudi kwa Nganga alikuja na sweta, akalikunja na kuliweka mapajani chini ya mikono.

"Sasa hiyo ni ya nini?" Chemutai aliuliza.

"Baridi."

"Umekuwa nyanya wa miaka tisini," Chemutai akasema, akacheka.

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi sweta lilikunjwa mapajani mbele ya macho ya watu wote, na hakuna aliyejua ni la nini. Na kwa kuwa sasa vidole vyake havikuchoka, Janeffer alianza kucheza vizuri. Alifungwa manne, akafungwa matatu, siku moja akatoka sare. Chemutai hakuzoea kusumbuliwa na Janeffer. Alipobanwa alijikunja juu ya padi, viwiko hewani, vifundo vimepinda, vidole vimekuwa vyeupe kwenye viungo. Janeffer aliyaona hayo yote kwa pembe ya jicho. Aliyaona kama fundi anavyoiona nyumba ya mwenzake ikijengwa bila msingi, na akanyamaza.

Siku mvua ilipopiga mabati na Chemutai akauliza, duka moja la simu la Kericho lilikuwa tayari limebandika matangazo ya mashindano. Mshindi angepewa mashine mpya ya gemu na runinga yake, na angeenda kuwakilisha upande wetu Nairobi. Zilibaki wiki saba.

Katika wiki hizo saba Janeffer alikuwa na nafasi nyingi za kurudisha neno lake. Alimkuta Chemutai saluni akiuweka mkono chini ya upepo moto wa mashine ya kukaushia nywele. Alimwona akihamisha kikombe cha chai kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Siku moja alikuwa amekaa kwenye benchi la saluni akingoja, na mteja mmoja, mke wa mchungaji, akajishika kichwa mbele ya kioo.

"Chemutai, mbona hizi zimelegea? Zamani ulikuwa unavuta mpaka macho yanafunguka."

"Nitarudia hapa upande, Mama," Chemutai akasema, na alipopinda kidole gumba kushika nywele, Janeffer aliona taya lake likikakamaa.

Walipotoka, Janeffer alifungua mdomo. "Chemu, hiyo mkono..."

"Wacha. Ulisema itapoa. Baada ya Kericho nitaipumzisha."

Hapo palikuwa mahali pa kusema, na Janeffer alipajua. Lakini kusema sasa kungekuwa pia kueleza kwa nini hakusema mwanzo, na kila wiki iliyopita maelezo hayo yalizidi kuwa mazito. Na chini ya hilo kulikuwa na jambo lingine ambalo hakupenda kulitazama. Alitaka mara moja tu kushinda. Alitaka watu waulize "huyu naye?" kisha waone.

Mashindano yalifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja mjini Kericho. Wachezaji walikuwa arobaini, wanawake wanne. Kufikia saa sita walibaki wanne kwa jumla, na Chemutai na Janeffer wakapangwa wao kwa wao katika nusu fainali. Chemutai alimkumbatia kabla hawajaketi.

"Akishinda wewe ama mimi, runinga ni ya Roret," akasema.

Kipindi cha kwanza Chemutai alikuwa mbele mabao mawili kwa bila. Alicheza kama anavyosuka, haraka na bila kutazama vidole. Kipindi cha pili kilipoanza, Janeffer alisikia pumzi ya mwenzake ikibadilika. Wachezaji wa Chemutai wakaanza kupiga pasi fupi mno, kisha wakaacha kukimbia. Dakika ya sitini padi ikaanguka. Haikutupwa, ilimtoka tu mkononi, ikagonga sakafu, na ukumbi mzima ukageuka. Chemutai aliiokota kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuishika tena, akaishika kwa kiganja kama mtu aliyevaa glavu nene. Kidole gumba hakikutii.

Janeffer angeweza kusimamisha mchezo. Sheria ziliruhusu. Badala yake alifunga bao, akafunga la pili, na dakika za mwisho akafunga la tatu katika goli ambalo halikuwa na mtu wa kulilinda.

Fainali alicheza na mwalimu mmoja kutoka Soin, akamfunga bila shida. Alipoinuliwa mkono na kupigwa picha, alimtafuta Chemutai kwa macho. Chemutai alikuwa amesimama juu ya kiti nyuma ya ukumbi, akishangilia kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameushikilia kifuani.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Wiki ya kwanza Chemutai hakuweza kufunga vifungo vya blauzi. Wiki ya tatu Priscillah, ambaye alimpenda lakini alikuwa na wateja wa kuhudumia, alimweka msichana mwingine kwenye kile kiti. Chemutai alipaka mafuta ya kuchua, akameza vidonge vya kutuliza maumivu, akafungwa kitambaa na mama mmoja aliyesema ni mshipa umeruka. Watu walisema ni majani ya chai, kwamba aliyachuma tangu akiwa mtoto na sasa yanadai. Hakuna aliyetaja gemu. Mwishoni mwa mwezi akafunga virago, akarudi kwa mama yake Kimulot.

Mashine na runinga zilikaa chumbani kwa Janeffer ndani ya maboksi yake. Hakuzifungua. Siku ya kwenda Nairobi ilipofika, aliwapigia waandalizi simu akasema ana homa, akaenda kazini kama kawaida, akapanga chupa za dawa za kupe hadi jioni. Kwa Nganga alipita mara moja. Watu walimpigia makofi, na alipoketi akitaka kulikunja sweta, mikono yake ilikataa kuligusa. Akainuka akaenda zake.

Alianza kutuma vitu Kimulot. Sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, siku moja blanketi. Kila kilipofika, Chemutai alimpigia.

"Wale wote niliwasuka wakaenda harusi, hakuna hata mmoja amenipigia," alisema wakati mmoja. "Ni wewe tu."

Janeffer alisema mtandao unasumbua, akakata simu. Alikaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe hadi Bethwel akamuuliza kama ni mgonjwa. Jioni hiyo hakula. Alihesabu miezi tangu Chemutai aukung'ute mkono siku ile ya mvua, na akakumbuka vizuri sana miezi ambayo Gichana alimtajia.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya mapumziko, na Alhamisi iliyofuata akaenda Kimulot. Shamba la akina Chemutai liko mahali ambapo chai inakaribiana na msitu, na asubuhi ile ukungu ulikuwa haujapanda. Aliwakuta shambani. Mama yake Chemutai, Rodah, alikuwa mbele, kikapu mgongoni, mikono miwili ikienda juu ya majani bila kusimama. Chemutai alikuwa mstari wa pili, akichuma kwa mkono wa kushoto peke yake, jani kwa jani kama mtu anayeokota mchele.

"Ona mgeni," Rodah akasema. "Karibu, Janeffer. Kongoi, asante kwa vile vitu. Chukua kikapu kama unataka kuongea, hapa hatusimami."

Janeffer akachukua kikapu akaingia kati yao. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa hayakuja. Alichuma kwa nguvu, akiyang'oa majani, mpaka Rodah akageuka kumtazama.

"Wewe unavuta mti ama unachuma? Legeza. Mimi niko hapa miaka thelathini, na hii mkono ingekuwa imekufa zamani nikishika namna hiyo." Akamwonyesha, vidole vikigusa na kuachia. "Unavunja tu, unaachilia. Hata huyu nilimwambia tangu mdogo. Sijui ni wapi alijifunza kukaba vitu."

Chemutai alicheka kidogo. Janeffer aliinamisha kichwa kwenye majani.

Saa tano waliingia jikoni kunywa chai. Rodah alimimina vikombe vitatu, akaweka viazi vitamu, kisha akafumba macho kuomba. Hakuombea chakula tu. Aliomba kwa Kiswahili ili mgeni asikie vizuri, akamshukuru Mungu kwa Janeffer, rafiki wa kweli ambaye hakumwacha mwenzake siku za shida, akamwombea kazi yake ibarikiwe na mikono yake isichoke.

"Mama," Janeffer akasema kabla ya amina. "Usiniombee hivyo."

Rodah akafungua macho.

"Ile siku uliniuliza," Janeffer akamwambia Chemutai. "Kwa Nganga. Uliniuliza mkono yangu ilipoa aje. Haikupoa yenyewe. Nilienda Kericho hospitali, kuna mtu anaitwa Gichana, alinifunga kibao na akanifundisha vile padi inashikwa. Aliniambia mtu akichelewa inaharibika. Nilijua. Nikakuambia sikufanya kitu."

Kuni zilisogea mekoni zenyewe.

"Nilikuuliza," Chemutai akasema mwishowe.

"Ndio."

"Mimi nilidhani labda hukusikia swali, juu ya ile mvua."

"Nilisikia."

Chemutai aliutazama mkono wake juu ya meza, kama ni kitu alichoachiwa na mtu akiangalie. "Na sweta?"

"Haikuwa baridi. Ni ya kuweka mikono."

"Kila Jumamosi."

"Kila Jumamosi."

"Kwa nini?"

Janeffer alikuwa amejiandalia majibu mengi ya swali hilo, yenye aibu ya hospitali na woga wa kuchekwa. Aliyaacha yote. "Nilitaka kukufunga," akasema. "Mara moja tu. Nilichoka kuwa mtu wa kufungwa."

Chemutai alinyanyuka, akachukua kikombe chake kwa mkono wa kushoto, akakirudisha mezani bila kunywa. "Enda nyumbani, Janeffer," akasema bila kupaza sauti. Akatoka akaelekea shambani, na hakugeuka.

Rodah alimsindikiza mgeni hadi barabarani, maana ndivyo inavyofanywa, hata mgeni awe amekuja na habari gani. Janeffer alitamani yule mama amtukane. Walipofika kwenye kituo cha kupimia majani, Rodah akasimama.

"Huyo daktari yuko siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa."

"Utakuja kutupeleka, maana sisi hatujui mlango wake."

"Nitakuja, Mama."

"Jumanne basi. Na usichelewe."

Jumanne walikwenda watatu, Chemutai akiwa dirishani na mama yake katikati. Gichana aliugeuza mkono, akamwambia Chemutai akunje gumba ndani ya ngumi na kukiinamisha kifundo upande, na Chemutai akauma midomo. Gichana akamtazama Janeffer juu ya miwani.

"Wewe nakukumbuka. Si nilikufundisha? Hukumwonyesha mwenzako?"

Janeffer alifungua mdomo kujibu. Chemutai alikuwa akitazama ukutani, kwenye picha ya mifupa ya mkono.

"Daktari, endelea," Chemutai akasema.

Sindano mbili hazikutosha. Mwezi wa kumi alifanyiwa upasuaji mdogo wa kuufungulia mshipa njia, kisha ikawa kibao, kisha mazoezi ya kukamua sponji na kufungua vidole. Gichana hakumdanganya. Alimwambia kidole kitafanya kazi, ila kazi ya vidole ya saa kumi kwa siku, ile ya nywele za uzi, asiitegemee tena.

Wakati huo wote Janeffer alikwenda Kimulot kila Alhamisi. Hakualikwa. Alifika asubuhi, akachukua kikapu, akachuma mstari wa Chemutai, na jioni akaondoka. Chemutai alimsalimia kama unavyomsalimia mtu mliyekutana kanisani, akaingia ndani. Mara moja Janeffer alileta yale maboksi mawili ya mashine na runinga, akayashusha mlangoni.

"Yarudishe," Chemutai akasema. "Sitaki kulipwa. Ukinilipa utaona imeisha."

Akayarudisha. Kwa muda alifikiria kuwapa watu wengine, kisha akampelekea Nganga, akamwambia ayaweke ukumbini na asiulize. Nganga hakuuliza. Lakini Janeffer alimwomba kitu kingine, na hicho Nganga alikikubali kwa kukuna kichwa: apigilie kila benchi ubao wa kuegemea mgongo, na Priscillah akashona mito midogo ya mapajani kwa vitambaa vya saluni. Kila Jumamosi Janeffer alipita nyuma ya wachezaji, akishusha bega la huyu, akinyoosha kifundo cha yule. Hakucheza. Watu waliona ni ukarimu, wakamsifu, na kila sifa aliipokea kama mtu anayepewa nguo isiyo yake.

Mwezi wa pili Chemutai alirudi Roret. Priscillah alimpa kiti, na sasa alikata nywele, akaosha, akapaka rangi, na kuwaelekeza wasichana wawili namna ya kugawa mistari. Baadhi ya wanawake wa Litein walirudi. Wengine hawakurudi.

Jumamosi moja akaingia kwa Nganga. Mazungumzo yakapungua. Alipita moja kwa moja hadi benchi la mwisho, alipokuwa amesimama Janeffer, akaketi.

"Nionyeshe," akasema.

Janeffer akampa mto. Akamwonyesha nyayo, mabega, mikono, jinsi padi inavyolala ndani ya viganja bila kukabwa. Ilibidi amguse kifundo kukinyoosha, na kovu dogo la upasuaji likawa chini ya kidole chake. Wote wawili wakalitazama. Chemutai hakuuondoa mkono.

"Sijakusamehe yote," akasema.

"Najua."

"Nimejaribu, inakataa. Kuna siku nakusamehe asubuhi, na mchana mteja anataka zile nywele ndogo, inarudi tena." Akabonyeza kitufe kwa nyama ya gumba, taratibu, akijifunza upya. "Keti basi. Chagua timu."

Walicheza mechi mbili. Chemutai alifungwa ya kwanza, ya pili wakatoka sare, na hakuna aliyeshangilia. Kisha akaweka padi chini, akainuka kwenda saluni alikokuwa akingojwa. Mlangoni akageuka.

"Alhamisi usije kuchuma. Mama amepata mtu."

Akaenda. Janeffer hakujua kama amefunguliwa au amefukuzwa, na hakumfuata kuuliza. Wiki nzima aliligeuza neno lile huku na huku dukani, akiwapimia watu chumvi. Alhamisi ilipofika alivaa buti zake za mpira, akapanda kwenda Kimulot. Kweli kulikuwa na mtu, mama mmoja jirani, tayari yuko mstarini. Rodah alimtazama Janeffer kutoka juu hadi chini, akaingia ndani ya banda, akatoka na kikapu cha tatu, na kumwonyesha kwa kidevu upande wa juu wa shamba, ambako majani yalikuwa hayajaguswa.